Mafuta ya mbio kwenye gari la kawaida: kagua kwanza ndipo ununue

Kijana mmoja aliniletea Vitz hapa gereji Ilala, taa ya injini inawaka na gari linapiga misi. "Kaka fundi, nililiwekea mafuta ya ndege ili liwe jepesi, sasa limekuwa zito kuliko mwanzo." Alikuwa amenunua madumu mawili ya lita 20 kwa mtu aliyemhakikishia kwamba ndiyo wanayotumia watu wa rali.

Nilinyonya kidogo kutoka kwenye tanki nikayatia kwenye chupa ya maji, nikaiinua juani. Rangi ya samawati. Hiyo ni Avgas 100LL, petroli ya ndege ndogo zenye injini za pistoni, na ndani yake kuna madini ya risasi (lead), hadi gramu 0.56 kwa lita. Petroli ya magari ilishaachana na risasi: nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na Algeria ikafunga orodha ya dunia nzima mwaka 2021. Gari la huyu kijana limetengenezwa kwa petroli isiyo na risasi hata kidogo.

Nikafungua plagi. Ile kaure nyeupe ya katikati, ambayo kwenye injini yenye afya huwa na rangi ya biskuti, ilikuwa imefunikwa vumbi la kijivu lenye vipunje vidogo vilivyoganda. Sensa ya oksijeni ilikuwa imekufa. Masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi (katalitiki), nayo yalikuwa yameshaonja risasi, na yakishafunikwa nayo hakuna dawa ya kuyasafisha.

Naandika haya kwa sababu swali lililomfikisha hapo huyu kijana, kama mafuta ya mbio yanaliongezea nguvu gari la kawaida, naulizwa kila wiki, na linastahili jibu la fundi.

Wauzaji wa mafuta haya husifia namba ya oktani. Namba hiyo inakuambia mafuta yanavumilia joto na mgandamizo kiasi gani kabla hayajalipuka yenyewe. Kipimo kinatokana na vimiminika viwili: isooktani imepewa 100, heptani imepewa 0. Petroli ya 95 inavumilia sawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa hivyo viwili. Kiasi cha nishati kilichomo kwenye lita ni habari nyingine kabisa. Ethanoli ina oktani inayozidi 100, lakini lita yake moja ina nishati kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli.

Uvumilivu huo una kazi pale injini inapobana sana hewa na mafuta ndani ya silinda. Plagi ikishatoa cheche, moto unatakiwa usambae kwenye silinda kwa mpangilio. Joto likizidi, mafuta ya pembeni ambayo moto haujayafikia yanalipuka yenyewe, na unasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Ndiyo injini kugonga. Magari ya sasa yana sensa inayosikia kugonga huko kabla yako, na kompyuta inachelewesha cheche ili kuiokoa injini. Cheche ikichelewa, nguvu inapungua. Kwa hiyo mafuta ya oktani kubwa hurudisha nguvu ambayo kompyuta ilikuwa imeizuia. Kama haikuzuia chochote, hakuna cha kurudisha.

Anza na kifuniko cha tanki. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na ndani ya kile kimlango kuna kibandiko. Ukiona レギュラー, inasomeka "regyura", mafuta ya kawaida. Kule kiwango chake cha chini ni oktani 89. Ukiona プレミアム au ハイオク, "premiamu" au "haioku", injini yako inataka oktani kubwa, kuanzia 96. Kibandiko kikiwa kimebanduka, tafuta kitabu cha gari kwa kutumia namba ya injini. Injini ya 1NZ-FE, ile ya Probox na Vitz za 1.5, inabana hewa mara 10.5 na bado ni ya regyura. Ukiwa na hiyo, ishia hapo, pesa yako irudi mfukoni.

Wenye turbo msome zaidi. Turbo inasukuma hewa ya ziada kwenye silinda, na hewa iliyosukumwa ni ya moto. Nilipanda mlima wa Kitonga na mteja mwenye Forester ya turbo, kibandiko chake kinasema haioku. Nilichomeka kifaa kidogo cha kusomea kompyuta chini ya usukani, simu mkononi, naangalia digrii za cheche: namba ikishuka, ujue kompyuta imeichelewesha. Alfajiri, kabla malori hayajajaa, gia ya tatu, mwendo wa 60. Kwa petroli ya sheli, kila kona kali namba ilishuka kutoka 18 hadi 12. Tukageuza, tukateremka, tukaongeza mafuta ya mbio yasiyo na risasi aliyopewa na mwenzake wa rali, yaliyokuwa kwenye pikapu iliyotufuata. Tukapanda tena mwendo uleule. Safari hii haikushuka chini ya 16. Mwenye gari aliisikia kwenye kiti kabla sijamwambia kitu.

Nawe pima hivyohivyo: mlima uleule, abiria walewale, saa ileile ya siku, AC imezimwa. Acha tanki lishuke karibu na robo ndipo ubadilishe mafuta, na uendeshe kilomita kadhaa kompyuta izoee. Usipime kwa hisia peke yake. Ukishalipia kitu ghali, mguu wenyewe unakanyaga zaidi.

Injini ya regyura ikigonga, kuna tatizo la kutafuta. Mimi naanza na mafuta yenyewe. Uchakachuaji tunaujua: vinasaba, yaani alama maalumu za kutambulisha mafuta halali, vilianza kuwekwa hapa Tanzania mwaka 2010 kwa sababu hiyo. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na yakichanganywa kwenye petroli hata Vitz itagonga. Badilisha sheli kwa matanki mawili usikilize. Halafu angalia plagi kama ni za namba sahihi, maji ya rejeta, na kaboni iliyoganda juu ya pistoni.

Kuhusu mafuta ya mbio yenyewe: baadhi yameongezewa oksijeni, na hayo kweli hutoa nguvu, ila injini inahitaji kupangiwa upya kiasi cha mafuta inachopokea. Mengine yana risasi. Usinunue dumu lisilo na karatasi ya kueleza kilichomo, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Yule kijana tulimwaga tanki lote, tukaweka plagi nne mpya na sensa ya oksijeni, ambayo bei yake peke yake ilizidi madumu yote mawili. Kabla hajaondoka nikamuuliza kwa nini alitaka gari liwe jepesi. "Likipanda mlima linavuta pumzi," akasema. Nikatoa chujio la hewa: jeusi, lina majani makavu. Nikapima upepo wa matairi: 22. Kibandiko cha mlangoni kinasema 32. Tukajaza yote manne, tukaweka chujio jipya, nikamwambia, "Mdogo wangu, nenda nalo mlimani Jumapili, unipigie simu ukifika juu."