Kumrudisha uwanjani kijana anayekwepa kipindi cha michezo

Kijana "anayesahau" raba kila wiki mara nyingi hachukii kukimbia. Anaogopa kutazamwa akikosea. Mwalimu, anzia hapo kabla ya kumwita mvivu.

Wiki ya kwanza gawa vikaratasi visivyoandikwa majina, vyenye maswali mawili: nini kinakuzuia kucheza, na ungependa mchezo gani? Visome peke yako. Mengi utakayoyakuta hayahusu mchezo wenyewe: mlango wa chumba cha kubadilishia nguo usiofungika, kaptura inayobana, jasho litakalomganda hadi jioni, hedhi. Ruhusu suruali ndefu na fulana pana, na maliza mchezo dakika 7 kabla ya kengele ili wanawe. Msichana aliye kwenye siku zake apewe njia ya kukuarifu bila kujieleza mbele ya wavulana, kisha achague mwenyewe kucheza au kupunguza kasi.

Kugawa timu ndiko kunakoumiza zaidi. Manahodha wawili wakichagua wenzao mmoja mmoja, yule anayebaki mwisho ameshatangazwa kuwa hafai, na darasa zima limeshuhudia. Panga timu mwenyewe tangu ofisini. Tena ziwe ndogo: wanafunzi 24 wagawe katika viwanja 3 vya takriban mita 20 kwa 12, wanne kwa wanne, kila uwanja na mpira wake. Kumi na moja kwa kumi na moja, hodari watatu huucheza mpira na wengine husindikiza. Kila baada ya dakika 5 badilisha wapinzani, ili kipigo kisidumu.

Michezo ya kutolewa nje ina kasoro ileile: asiyejua hutoka kwanza, na ndiye aliyehitaji mazoezi. Aliyeguswa aruke mara 10 pembeni, kisha arudi.

Matokeo ya mbio usiyabandike ukutani. Kila mmoja aandike kwenye daftari umbali aliokimbia kwa dakika 6, na baada ya wiki 4 ajilinganishe na nafsi yake. Kuzungushwa uwanja kama adhabu kukome kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku katika umri huu, na vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki havikaribii hapo. Zinazobaki atazitafuta mwenyewe, ikiwa hujamfundisha kwamba kukimbia ni adhabu.

Wiki ya 6 rudia vikaratasi vilevile, kisha hesabu raba zilizosahauliwa.