"Ndege ilianguka juu kule": jinsi ya kufuatilia simulizi za ndege za vita milimani Uskoti

Ukikaa na wazee kwenye vijiji vya kaskazini mwa Uskoti haipiti muda kabla mtu hajakwambia "ndege ilianguka juu kule wakati wa vita", yaani Vita vya Pili vya Dunia, ananyoosha mkono kwenye mlima uliojaa ukungu, halafu stori inaishia hapo. Wengi wakisikia hivyo wanapanda mlima fasta kutafuta vyuma. Mi nakuomba ufanye kinyume chake, anza na watu, vyuma vije mwisho kabisa, maana chuma hakiwezi kukwambia nani aliamka usiku akabeba taa kwenda kuwatafuta wale vijana waliokuwa ndani ya ndege.

Na usichelewe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1942 leo ameshavuka 90, kwa hiyo mara nyingi utakayeongea naye ni mtoto wa aliyeona, na huyo naye ana kitu cha thamani kwa sababu amesikia stori ileile mezani miaka yote. Usimuulize "ilianguka tarehe ngapi", tarehe ndo kitu cha kwanza kusahaulika. Muulize nani alileta habari nyumbani, miili ilishushwa na nini, farasi au machela, ililazwa kwenye jengo gani kabla ya kuchukuliwa, kulikuwa na theluji, kondoo walikuwa wameshazaa? Hilo la kondoo linasaidia sana, kwenye nyanda za juu kondoo huzaa kuanzia kama Aprili hadi Mei, so mchungaji akikwambia "ilikuwa wakati wa kuzalisha" tayari umepunguza mwaka mzima ukabaki na wiki chache. Uliza pia kama kuna kitu kilibaki nyumbani, kuna watu walichonga pete na bruchi kutokana na vioo vya plastiki vya ndege. Ila akikuonyesha risasi au kitu kinachofanana na bomu usikishike, mwambie aite polisi.

Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na muache aongee lugha yake. Kama ni Mgaeli mwache asimulie Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu, utafute mtu wa kukutafsiria baadaye, stori ya Kigaeli ikilazimishwa Kiingereza inapungua nusu. Kabla hujaenda sikiliza kwanza Tobar an Dualchais, ni hazina ya sauti za wazee zilizorekodiwa Uskoti kwa miongo mingi, iko onlaini bure kabisa.

Sasa saa. Hapa watu wengi wanapotea. Kuanzia 1941 hadi 1945 saa za Uingereza wakati wa kiangazi zilisogezwa masaa mawili mbele ya saa ya Greenwich, na wakati wa baridi lisaa limoja. Kwa hiyo mzee akisema "ilikuwa saa tano usiku na jua lilikuwa halijazama" usimkatalie, Inverness mwezi wa Juni kwa saa za vita ilikuwa hivyo kweli, na karatasi ya jeshi inaweza kuwa imeandika saa ya Greenwich. Wote wawili wako sahihi.

Majina ya sehemu nayo yanasumbua. Karani kutoka kusini alikuwa anasikia jina la Kigaeli kwenye simu mbovu anaandika anavyosikia yeye, na isitoshe Ben More ziko kadhaa, kuna ya Mull, kuna ya Crianlarich, kuna ya Assynt. Fungua ramani za zamani za National Library of Scotland, ni bure na unaweza kuziweka juu ya picha ya setilaiti ya leo, halafu tafuta kila kijito na kiziwa alichokitaja mzee. Ukikuta namba za gridi, zile za kuonyesha mahali kwenye ramani, kwenye karatasi ya wakati wa vita usizipeleke moja kwa moja kwenye simu yako, jeshi lilikuwa linatumia gridi nyingine, ya Cassini, tofauti na ya leo, utajikuta umeenda bonde lisilohusika kabisa.

Ukishakuwa na msimu na eneo ndo unaingia kwenye karatasi. Vitabu vya kila siku vya vikosi vya RAF, jeshi la anga la Uingereza, viko National Archives, hifadhi ya nyaraka pale Kew, London, tafuta kwa namba za mafungu, vikosi vya mapigano ni AIR 27, vituo ni AIR 28, na vituo vingi vya mafunzo viko AIR 29. Hiyo ya mwisho usiiruke, maana sehemu kubwa ya ndege zilizogonga milima ya Uskoti hazikutunguliwa na mtu, walikuwa vijana wanajifunza, wametoka viwanja vya Kinloss au Lossiemouth usiku, mawingu yamefunga, upepo umewasukuma pembeni na wao wanadhani bado wako juu ya bahari. Kadi za ajali, fomu 1180, ziko RAF Museum. Magazeti ya wakati ule yalibanwa na udhibiti wa vita, usitegemee yataje kijiji. Kama waliokufa walikuwa Waaustralia una bahati, faili nyingi zimeskaniwa na hifadhi yao ya taifa ya nyaraka, na humo unakuta mpaka barua za mama zao.

Halafu makaburi. Kanzidata ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa vita, unaweza kuitafuta kwa tarehe. Kumbuka familia za Uingereza ziliweza kuomba mwili urudishwe nyumbani, kwa hiyo watu sita waliokufa pamoja unaweza kuwakuta makaburi sita tofauti.

Kuhusu kuchanganya matukio nikupe mfano mmoja, kisiwa cha Arran. Tarehe 10 Agosti 1941 ndege ya Liberator, namba AM261, iliruka kutoka Heathfield karibu na Ayr ikagonga milima ya Arran, wakafa wote 22. Siku nne baadaye, tarehe 14, Liberator nyingine, AM260, ikaanguka palepale Heathfield ikiruka, wakafa 22 tena. Aina moja ya ndege, uwanja mmoja, idadi ileile, wiki moja! Sasa juu yake ongeza Flying Fortress, ndege ya mabomu ya Wamarekani, iliyogonga mlima Beinn Nuis, kisiwa hichohicho, Desemba 1944, watu 11, ikapatikana miezi baadaye. Familia ya Arran ikikusimulia zote kama tukio moja huwezi kuwalaumu, we kazi yako ni kuuliza kulikuwa na baridi au joto, na walitafuta kwa muda gani.

Ukipanda sasa, panda na mtu anayejua mlima, na ukifika mikono mfukoni. Sheria ya 1986 inalinda mabaki yote ya ndege za kijeshi, hata za Kijerumani, kufukua au kuhamisha kipande bila leseni ya wizara ya ulinzi ni kosa. Piga picha. Vyuma vilivyofumwa kama tenga ujue ni ndege aina ya Wellington. Injini ya duara yenye silinda saba inaweza kuwa ya ndege aina ya Anson, ambayo mabawa yake yalikuwa ya mbao na yameshaoza. Kule Ben More Assynt Anson iligonga Aprili 1941 kwenye dhoruba ya theluji, wakapatikana wiki kadhaa baadaye, na wote sita wamezikwa hukohuko juu. Mwaka 2013 jiwe jipya la kaburi lilipelekwa kwa helikopta.

Ukimaliza rudi kwa yule mzee na majina yao. Msomee taratibu, moja moja, na umri wa kila mmoja. Na rekoda isizimwe, maana mara nyingi ni akisikia "miaka 20" ndo anakumbuka kitu ambacho baba yake alikisema mara moja tu.