Namna ya Kurekodi Upya Wimbo Maarufu wa Roki Bila Kuunakili

Bendi nyingi za roki zinaporudia wimbo mkongwe huirudia rekodi yake, si wimbo wenyewe: ngoma zilezile, solo ileile ya gitaa, hata mahali mwimbaji wa kwanza alipovuta pumzi. Kazi hutoka safi, lakini msikilizaji haoni kwa nini aiache ile ya awali. Kasoro hiyo haiponyeki kwa vifaa vya studio, kwa hiyo ishughulikieni mapema, wakati wa mazoezi.

Anzeni kwa kuacha kabisa kuisikiliza rekodi ya zamani. Mwimbaji na auimbe wimbo akisindikizwa na gitaa moja tu lisilo la umeme, kwanza polepole na kisha kwa kasi, huku wenzake wakisikiliza maneno yanasema nini. Kitakachobaki baada ya hapo, yaani melodi na maneno, ndicho mnachokirithi. Mengine yote yalikuwa maamuzi ya wanamuziki wengine, nanyi hamlazimiki kuyafuata.

Kisha chagueni jambo moja kubwa la kubadili na mlitekeleze kikamilifu. Mwaka 1968 Joe Cocker aliuchukua wimbo wa Beatles, “With a Little Help from My Friends”, uliokuwa na mwendo mwepesi wa mapigo manne, akaupeleka polepole kwa mapigo ya tatu-tatu, na kauli ya kirafiki ikageuka kuwa kilio cha mtu anayehitaji msaada kwelikweli. Mwaka huohuo Jimi Hendrix alitoa “All Along the Watchtower”, ambao Bob Dylan alikuwa ameurekodi mwaka 1967 kwa ala chache, akaujaza magitaa ya umeme yanayoleta tishio ambalo maneno yake yalikuwa yakilidokeza tu. Naamini hapo ndipo penye siri: badiliko lilichimbuliwa ndani ya wimbo. Kuongeza kasi na kelele kwa sababu tu bendi yenu hupiga hivyo hakutoshi, ingawa ndiyo njia inayotumiwa zaidi.

Mpimeni pia mwimbaji wenu. Johnny Cash alipoutoa “Hurt” mwaka 2002 alikuwa na umri wa miaka 70, na majuto yaliyoandikwa na Trent Reznor wa bendi ya Nine Inch Nails kabla hajatimiza miaka 30 yakapata uzito mwingine, kwa kuwa sauti iliyochoka ilikuwa na maisha marefu ya kuyajutia. Mwimbaji asiyejua ni kwa nini anayatamka maneno hayo asipewe wimbo huo, hata kama anazifikia noti zote.

Mkiingia studio, pigeni pamoja katika chumba kimoja na msisahihishe kila kijikosa. Ikiwa baada ya mazoezi kadhaa bado hamna jibu kwa swali la kwa nini mnaurudia, uacheni mchague mwingine.

Suala la haki lisisubiri mwisho. Nchini Marekani, kifungu cha 115 cha sheria ya hakimiliki kinamruhusu mwanamuziki kurekodi upya wimbo uliokwisha kusambazwa kwa umma, mradi afuate taratibu za leseni na kulipa mrabaha. Anaweza kuupanga upya kulingana na mtindo wake, lakini haruhusiwi kubadili melodi yake ya msingi wala sifa yake kuu. Mkikusudia kuigusa melodi hiyo au kuandika upya maneno, ombeni idhini ya mwenye haki kabla hamjalipia studio.