Jinsi ya Kuchora Ukoo wa Estridsen, Wafalme wa Denmark

Nunua karatasi ya manila katika duka lolote la vifaa vya shule hapa Nairobi, kisha uilaze kwa upana, kwa sababu ukoo huu hutanuka kando kabla haujashuka. Juu kabisa mwandike Estrid, dada yake Knud Mkuu, mfalme wa Denmark na Uingereza, kwa kuwa Svend, aliyetwaa ufalme mwaka 1047, alidai haki yake kupitia kwa mama, na kwa jina la mama akajulikana. Chini ya Svend weka wanawe watano waliopokezana kiti cha enzi: Harald, Knud aliyeuawa kanisani Odense mwaka 1086, Oluf, Erik na Niels. Hapo ndipo wengi huharibu mchoro, wakiwapanga ndugu hawa kana kwamba kila mmoja ni mwana wa aliyemtangulia. Basi damu ichore kwa wino mweusi, na kiti, kilichohama ndugu kwa ndugu, kwa mwekundu.