Mbwa Akibadilika Tabia, Mpime Kabla ya Kumpiga

Katika kaya nyingi za wakulima na wafugaji, mbwa na paka ndio wanyama wanaohesabiwa mwisho. Ng'ombe akikataa majani asubuhi moja, bwana mifugo hupigiwa simu kabla ya saa nne. Mbwa akikataa ugali siku tatu, husemwa kwamba ameshiba mzoga huko alikozurura. Hata hivyo, mbwa huyo ndiye anayelinda zizi usiku, paka ndiye anayelinda mahindi ghalani, na baadhi ya magonjwa yao huwafikia watoto wanaocheza nao uani. Ushauri huu unamlenga mfugaji wa kawaida mwenye mbwa mmoja au wawili na paka, asiye na kliniki ya wanyama karibu, ambaye mara nyingi huona tabia mbaya pale ambapo mnyama anaumwa.

Mnyama hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Atakachofanya ni kujificha nyuma ya banda, kuacha kubweka wageni wanapopita, kung'ata mkono uliozoea kumlisha, au kukojoa mahali ambapo hakuwa akikojoa. Kabla ya kuchukua fimbo, chukua dakika tano za kumkagua, na ukaguzi huo uujifunze kwa mnyama mzima, ili siku akiumwa uwe na cha kulinganisha.

Anza mdomoni. Fungua mdomo wa juu pembeni, tazama fizi, kisha bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe na uachie: rangi ya waridi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi nyeupe kama karatasi zinaonyesha upungufu wa damu, na fizi za njano zinaonyesha kwamba ini limeguswa au damu inaharibiwa mwilini. Mbwa wengi wa kienyeji wana fizi nyeusi, kwa hiyo kwao vuta chini ukope wa jicho uangalie sehemu ya ndani. Kisha vuta ngozi ya mabegani na uiachie. Ikirudi polepole au ikibaki imesimama, mnyama amepungukiwa maji. Mwenye kipimajoto cha mifugo akitumie njia ya haja kubwa: joto la kawaida la mbwa na paka ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi za Selsiasi, ndiyo maana mnyama mzima huonekana wa moto kwa mkono wa binadamu, na ndiyo maana pia kugusa pua si kipimo cha kutegemewa.

Ukaguzi huu utakuonyesha kwanza kabisa homa zinazoletwa na kupe, ambazo katika maeneo yetu ya joto ndizo zinazomaliza mbwa wengi kimyakimya. Ziko mbili za kawaida, na dalili zake hufanana mwanzoni: mbwa anazubaa, anaacha kula, anapata homa, anakonda. Katika moja, ambayo vijidudu vyake hushambulia chembe nyeupe za damu, mbwa anaweza kutokwa damu puani au kupata madoa mekundu tumboni. Katika nyingine, chembe nyekundu za damu huvunjwa na mkojo hugeuka rangi ya kahawia au ya chai ya rangi. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu tiba zake si moja. Ya kwanza hutibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini kwa takriban siku 28, na wafugaji wengi huacha siku ya tano mbwa anapoanza kula, kisha hushangaa ugonjwa ukirudi. Ya pili hutibiwa kwa sindano za kundi lilelile linalotumika kwa ng'ombe anayekojoa damu, lakini mbwa ana nafasi ndogo sana kati ya dozi inayoponya na dozi inayodhuru ubongo. Kukadiria kwa macho kwa bomba lililotoka kumchoma ng'ombe ni kumhukumu mbwa kifo.

Mfugaji atauliza kwamba ng'ombe wake huogeshwa kila wiki, kupe wanatoka wapi? Kupe wa kahawia wa mbwa haishi kama kupe wa ng'ombe. Katika hatua zake zote tatu za ukuaji hupenda kurudi kwa mbwa, na jike aliyeshiba huanguka, akapanda ukutani na kutaga mayai elfu kadhaa katika nyufa za banda, nyuma ya magunia au chini ya mbao za baraza. Ukimwogesha mbwa na kuliacha banda, umefanya nusu ya kazi. Ziba nyufa kwa udongo au saruji, choma matandiko ya zamani, nyunyizia dawa kuta na si sakafu pekee, kisha rudia kadiri lebo inavyoelekeza. Wakati wa kumkagua, pitisha vidole kati ya vidole vya miguu yake na ndani ya masikio, maana huko ndiko kupe hubaki baada ya mgongo kuonekana safi.

Hapa niseme neno kuhusu oili chafu ya gari, kwa kuwa bado naikuta vijijini ikipakwa mbwa mwenye upele. Oili hiyo huchoma ngozi ambayo tayari ina vidonda, na mbwa akijilamba, mabaki ya metali na kemikali za injini huingia tumboni. Upele unaoanzia kwenye kingo za masikio na viwiko, ukimwasha mbwa usiku kucha, kwa kawaida husababishwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi, na wadudu hao huweza kumwasha hata mtoto anayembeba. Dawa zake zipo. Ila sindano ya ivamektini iliyotengenezwa kwa ng'ombe hupimwa mililita moja kwa kilo 50 za uzito. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 akichomwa mililita mbili "ili apone haraka," anaweza kuyumba, kupofuka au kuzimia. Mbwa wa jamii ya kolii na machotara wao huweza kudhurika vibaya kwa dozi ndogo zaidi.

Kwa watoto wa mbwa, tatizo linalohitaji mwendo wa haraka ni parvo, ugonjwa wa tumbo unaoletwa na kirusi. Mtoto wa wiki sita hadi miezi sita anayetapika, akahara kinyesi chenye damu na harufu nzito, anaweza kufa kwa kukosa maji kabla ya siku mbili kwisha. Hakuna dawa inayoua kirusi hicho. Kinachookoa ni maji ya mishipani na uangalizi wa mtaalamu. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na ni kurudia huko ndiko kunakosahaulika. Kirusi hukaa kwenye udongo zaidi ya mwaka, hivyo usilete mtoto mwingine asiyechanjwa katika ua uleule. Vyombo na sakafu ya saruji vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji.

Paka ana matatizo yake, na kosa kubwa ni kumchukulia kama mbwa mdogo. Ini lake haliwezi kuvunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500, alichopewa kwa huruma kwa sababu ana mafua, kinatosha kumuua, na fizi zake hugeuka za kahawia au bluu kabla hajafa. Dawa za kupe zenye pamethrini au amitrazi, ambazo mbwa huzivumilia zikichanganywa kwa kipimo chake, humfanya paka atetemeke na kudegedega. Sumu ya panya nayo humfikia kupitia panya aliyemla, na kutokwa damu huweza kuanza siku kadhaa baadaye, wakati mwenye nyumba ameshasahau kwamba aliweka sumu.

Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, akilia na kutoa matone tu au asitoe kitu, hufukuzwa kwa ufagio kwa kuchafua jikoni. Njia yake ya mkojo imeziba. Tumbo la chini ukilishika taratibu utakuta kitu kigumu cha mviringo kama limau au zaidi. Usilibinye, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu ndani ya siku moja au mbili figo na moyo vitashindwa. Sijui tabia nyingine inayofanana na ukaidi kwa namna hii huku ikiwa ni dharura ya kifo.

Bila shaka zipo tabia zisizotokana na ugonjwa. Mbwa anayefungwa mnyororo mfupi kutwa kucha atabweka hovyo na kuwarukia watu, na dawa yake ni mnyororo unaoteleza kwenye waya mrefu, kivuli, maji, na kufunguliwa kwa zamu. Mbwa anayekula mayai kwa kawaida hulishwa makombo ya wanga peke yake. Mpe dagaa au damu iliyopikwa, kisha inua viota. Lakini mbwa mpole aliyeanza kung'ata anapoguswa kichwani, mwangalie masikio kwanza: mara nyingi kuna usaha, kupe au uvundo ndani.

Kisha kuna badiliko moja ambalo mwenye mbwa hapaswi kulikagua kwa mkono. Mbwa ameacha taya lake la chini limening'inia, udenda unatiririka, sauti imebadilika, hawezi kumeza maji. Mwenyewe anadhani mfupa umekwama kooni, anampanua mdomo na kuingiza vidole. Hiyo huweza kuwa kichaa cha mbwa katika sura yake ya upole, ambayo haina vurugu wala kukimbiza watu, na kwa sababu hiyo huaminiwa. Hadi asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huu huupata kwa mbwa, na dalili zikishaonekana, kwa binadamu au kwa mnyama, hakuna tiba. Chanjo hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na paka wachanjwe pia.

Mtu aliyeng'atwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, bila kusubiri usafiri, kisha aende kituo cha afya kuanza sindano. Kidonda kisipakwe pilipili, mafuta ya taa wala majani.

Mbwa aliyeng'ata, kama bado ni mzima na anaweza kufungiwa bila mtu kuhatarishwa, asiuawe papo hapo. Afungiwe mahali salama, apewe maji na chakula kwa chombo kinachosukumwa kwa fimbo, na ofisa mifugo wa kata ajulishwe ili amwangalie kwa siku kumi. Akizidi siku hizo akiwa mzima, hakuwa akitoa kirusi kwenye mate siku aliyong'ata, na taarifa hiyo itamsaidia mganga wa kituo cha afya kuamua kama sindano ziendelee. Lakini aliyeng'atwa asingoje siku hizo ndipo aanze. Mbwa akifa kabla, asichunwe wala asitupwe korongoni: afunikwe, watoto na mbwa wengine wazuiwe, na ofisa aitwe achukue kichwa kwa uchunguzi wa maabara akiwa amevaa glavu. Mbwa na paka wote waliong'atwa naye waandikwe majina yao na ya wenye nyumba jioni hiyohiyo, kwa sababu kirusi huweza kukaa mwilini kwa wiki nyingi, hata miezi, kabla ya badiliko la kwanza la tabia kuonekana.