Karatasi ya vipimo vya figo: isome hivi

Nafanya kazi maabara, na swali ninalolisikia sana dirishani ni hili: "Kreatinini yangu imepanda?" Nami huuliza kwanza umri. Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli, hivyo namba moja haiwezi kuwasemea watu wote. Kreatinini ya maikromoli 115 kwa lita, kwa kijana wa kiume wa miaka 25, huashiria uchujaji wa figo wa karibu mililita 78 kwa dakika. Kwa bibi wa miaka 70, 115 hiyohiyo huashiria 44. (Kama karatasi yako inatumia miligramu kwa desilita, zidisha kwa 88.4 upate maikromoli.)

Basi shuka hadi mstari ulioandikwa eGFR. Hayo ni makadirio ya mililita ambazo figo huchuja kwa dakika. Madaktari huigawa kwa hatua: kuanzia 90 ni hatua ya 1. 60 hadi 89 ya 2. 45 hadi 59 ya 3a. 30 hadi 44 ya 3b. 15 hadi 29 ya 4. Chini ya 15 ya 5. Hatua mbili za mwanzo haziitwi ugonjwa bila ushahidi mwingine wa figo kudhurika, na hata ya 3 hadi ya 5 hazihesabiwi kuwa ugonjwa sugu mpaka hali idumu zaidi ya miezi 3. Siku moja ya kuharisha na kutapika yatosha kuishusha eGFR. Nyama iliyopikwa ukaila usiku wa kuamkia kipimo nayo huipandisha kreatinini, na dawa kama trimethoprim (antibiotiki) huipandisha bila kuiumiza figo. Taja dawa zako zote kwa daktari, usiziache mwenyewe.

Sasa mkojo, ambao wengi huuona wa ziada. Mimi ndio ningeutaka kwanza. Kile kijiti cha rangi husoma ukolezi tu: ukinywa maji mengi, protini hujificha. Omba kipimo cha ACR, yaani albumini (aina ya protini) ikigawanywa kwa kreatinini ya mkojo uleule, maana maji huipunguza yote mawili kwa kiasi sawa. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni ngazi ya A1, 30 hadi 300 ni A2, zaidi ya hapo A3. Kwa karatasi za miligramu kwa milimoli, mipaka ni 3 na 30.

Kisha zisome namba mbili, eGFR na ACR, pamoja. Mwenye eGFR ya 70 na ACR ya 400 yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenye eGFR ya 50 na mkojo usio na albumini. Watu hawaniamini nikisema hivyo, kwa kuwa 70 inapendeza machoni.

Mtu aliyekatwa mguu, aliyekonda sana au mnyanyua vyuma, kreatinini humdanganya. Huyo aulizie sistatini C, kipimo kingine cha damu cha figo, ingawa nayo huyumbishwa na dawa za steroidi na matatizo ya tezi ya shingo.

Potasiamu ikitoka juu, tazama kama maabara imeandika kuwa chembe za damu zilipasuka. Zikipasuka humwaga potasiamu yao kwenye sampuli, na kipimo hurudiwa upesi. Kama sampuli ilikuwa safi, nenda hospitali siku hiyohiyo: moyo hauvumilii potasiamu nyingi.

Ukilinganisha karatasi za zamani, kumbuka kreatinini haipandi kwa mizani sawa. Kutoka 80 hadi 160, zaidi ya nusu ya uchujaji imekwenda. Kutoka 500 hadi 580, kilichopotea ni kidogo, kwa sababu kilichokuwa kimebaki ni kidogo.

Mkojo wa ACR uwe wa kwanza asubuhi, wa katikati ya mkondo. Ahirisha ukiwa na homa, hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo, au kama jana ulifanya mazoezi mazito. Ukichelewa kuufikisha, uweke kwenye friji bila kuugandisha. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo. Vifuniko hubadilishana.