Kupiga banjolele kwa mkono wa George Formby

Nianze na kosa langu, usije ukalirudia. Mara ya kwanza kupiga banjolele kwa mtindo wa George Formby, mwimbaji mchekeshaji wa Uingereza wa karne iliyopita, mbele ya wazee ninaowahudumia hapa Wigan, mji wa kaskazini mwa Uingereza, daraja la nyuzi, kile kijiti kinachoziinua, liliteleza katikati ya wimbo. Sauti ikapinda kama mlango wenye kutu, na bibi mmoja akaziba masikio. Mzee aliyekaa dirishani, miaka tisini na ushei, hakucheka. Alinyoosha mkono nimpe chombo, akalisukuma daraja kwa kidole gumba, akakaribia ngozi ya chombo kusikiliza, akanirudishia. Akasema niendelee. Mengi ya haya nimeyapata kwake.

Basi anza na daraja. Banjolele ni ukulele iliyovaa tumbo la banjo: nyuzi nne, shingo fupi, na ngozi iliyowambwa kama ya gambusi letu. Daraja halijagundishwa, linashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Pima kutoka kilemba cha shingo, pale nyuzi zinapoanzia, hadi chuma cha 12, katika vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Umbali huohuo urudie kutoka chuma cha 12 hadi daraja, kisha weka alama ya penseli kwenye ngozi. Yangu nimeichora mara mbili, kwa hasira.

Nyuzi, kutoka ule ulio karibu na kidevu chako kushuka chini, zinaitwa kwa sauti zake: G, C, E, A. Wa kwanza huo si mzito kama wa gitaa. G yake iko juu kuliko C na E. Ukiufunga uzi mnene hapo, ule mlio wa kuchekacheka unapotea.

Kwa mkono wa kushoto unahitaji mikao mitatu ya vidole ya kuanzia, kila mmoja ukitoa sauti za pamoja zenye jina lake. C: kidole cha pete kwenye uzi wa A, chuma cha tatu, basi. F: cha shahada kwenye E chuma cha kwanza, cha kati kwenye G chuma cha pili. G7: shahada kwenye E chuma cha kwanza, cha kati kwenye C chuma cha pili, cha pete kwenye A chuma cha pili. Usijidharau kwa kuwa na mitatu tu. Formby mwenyewe hakujua kusoma noti za muziki, na kuhamisha wimbo kutoka ufunguo mmoja, yaani kimo cha sauti, kwenda mwingine hakukumpendeza. Alikuwa na banjolele kadhaa, kila moja imekazwa kwa ufunguo wake. Wimbo ukibadilika, anabadilisha chombo.

Kazi yenyewe iko mkono wa kulia. Nitakueleza ninavyofanya mimi.

Legeza kiwiko, kifundo cha mkono kiwe kama unakung'uta maji. Piga kwa kidole cha shahada: ukishuka ukucha ndio unaogusa, ukipanda ni nyama ya ncha. Usipige katikati ya ngozi, piga pale shingo inapokutana na tumbo. Sasa hesabu nane, mkono ukishuka na kupanda bila kusimama hata mara moja. Moja, shuka nyuzi zote. Mbili, panda, lakini gusa uzi wa A peke yake. Tatu, shuka, gusa G peke yake. Nne, panda nyuzi zote. Tano, G. Sita, A. Saba shuka zote, nane panda zote. Mkazo uwe kwenye moja, nne na saba, yaani tatu, tatu, mbili. Sikio la mtu wa pwani litaudaka mgawanyo huo haraka kuliko vidole vyake.

Siku tatu za mwanzo ziba nyuzi kwa kiganja cha kushoto, upige mkwaruzo mtupu. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kituo cha basi, juu ya mkoba. Usiongeze kasi. Ukiongeza kabla ya wakati, A na G zinamezwa na unabaki na kelele tu.

Mkono ule ulitoka wapi, najiuliza. Formby alizaliwa hapahapa Wigan mwaka 1904, jina lake George Hoy Booth. Baba yake, George Formby mkubwa, alikuwa mchekeshaji maarufu mwenye kifua kikuu, aliyekigeuza kikohozi chake kuwa sehemu ya vichekesho. Hakutaka mwanawe aifuate kazi hiyo. Akiwa na miaka saba mtoto alipelekwa kufunzwa kupanda farasi, na kwenye miaka kumi tayari alishashindana. Mimi naamini kifundo kile kililegezwa na hatamu. Sina ushahidi.

Baba akafariki 1921, na mwaka huohuo kijana akapanda jukwaani na vichekesho vya marehemu. Alizomewa. Kilichomwinua ni ukulele aliyoinunua kwa mwigizaji mwenzake, na Beryl Ingham, mcheza dansi ya viatu vya mbao, aliyemwoa 1924. Beryl alimvalisha suti, akampanga, akashika mikataba na pesa, akampa mumewe posho ya mfukoni kama mtoto wa shule. Watu wengi hapa hawampendi kwa hilo. Mimi namtetea kwa jambo moja: walipozuru Afrika Kusini 1946, waliwatumbuizia Waafrika pia, na Daniel Malan, kiongozi wa chama cha National kilichotetea ubaguzi wa rangi, alipopiga simu kulalamika, Beryl alimjibu kwa tusi lisiloandikika hapa.

Turudi kwenye wimbo, maana kuna sehemu ambayo vidole havisaidii. Nyimbo zake ni mafumbo. Wa msafisha madirisha, wa 1936, ni wa mtu aliye juu ya ngazi anayeona mambo ya vyumbani. Wa peremende ya Blackpool, mji wa ufukweni, wa 1937, BBC ilikataa kuupiga. Ukiimba huku ukikonyeza, umeharibu. Mtazame kwenye filamu ya No Limit ya 1935: meno nje, macho ya mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Anaimba kana kwamba yeye ndiye wa mwisho kuelewa anachokisema. Mwimbaji wa taarab anajua hili, fumbo hulirusha uso ukiwa mkavu. Uso wa Formby si mkavu, ni mkunjufu, wa kushangaa. Fanyia mazoezi kwenye kioo, na usijionee haya.

Solo, yaani sehemu ya chombo peke yake, iweke baada ya beti mbili au tatu, wasikilizaji wakishalijua umbo la wimbo. Nyamaza kuimba, inua chombo kifuani, piga nane zako mara nne au nane, tabasamu likizidi kadiri mkono unavyokimbia. Kisha rudi kwenye kiitikio na ukate ghafla, usivute mwisho.

Formby alifariki Machi 1961, miezi michache baada ya Beryl, na akazikwa mjini Warrington. Mwenye kampuni ya mazishi iliyomzika alikuwa pia mtunzi aliyemwandikia nyimbo kwa jina la Eddie Latta. Mzee wa dirishani ndiye aliyenisimulia, katikati ya somo, akanigonga kiwiko: kilikuwa kimeanza kukaza tena.